Mchanga wa Bumbire katika Bahari ya Shemeji

Ninyi mnaonijua kama mtu asiyepunjwa sokoni, anayehesabu chenji mbele ya muuzaji kisha akaihesabu tena njiani, ifurahieni hii, maana ni siku niliyoumbuka mbele ya mama yangu mzazi, dada yangu, shemeji yangu na samaki wawili, na yote ni kwa sababu nilikataa katakata kwamba mchanga ni kitu cha kununua.

Shemeji Athumani ni mtu wa Tanga. Alimwoa dada Koku wakaishi huko miaka mingi, na alipostaafu wakahamia kwetu Bukoba, wakapata nyumba Kashai, naye kati ya vitu vyote ambavyo mtu angeweza kuhama navyo, alihama na bahari. Sitanii. Lilikuwa tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, ndani yake maji anayoyakoroga mwenyewe kwa chumvi maalumu inayoletwa na basi kutoka Dar, mawe yenye matumbawe hai yanayochezacheza, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Jioni alizima televisheni akakaa mbele ya kioo kile na kahawa yake, nasi tukakaa naye bila kusema kitu (hata mimi, ambaye sikai mahali pasipo faida). Nikiulizwa leo nilipumzika wapi maishani mwangu, nitasema ni pale.

Tatizo lilikuwa chini ya tangi. Mchanga wake ulibaki Tanga, kwa hiyo chini palikuwa kioo kitupu, na shemeji hakuweza kuamua.

"Pakiwa patupu, uchafu nauona, naunyonya kwa mpira, kazi imekwisha," alisema. "Lakini bahari isiyo na mchanga, shemeji, ni sebule isiyo na viti."

Angeendelea kujiuliza mpaka leo kama Mama asingekubali kuja.

Mama alikuwa kijijini kwetu Kashozi, kwenye migomba yake. Baba alipofariki, dada Koku alifika na kukuta kaburi limeshafunikwa. Mama hakumgombeza, alisema tu, "Huko mnakosema ni mbali, mimi sikujui," na tangu wahamie Kashai hakuwahi kukanyaga kwao. Sasa akatuma ujumbe kwamba anakuja kuiona hiyo bahari iliyomchelewesha mwanawe. Shemeji akakata shauri hapo hapo: mchanga utiwe, Mama aione bahari kama ilivyo. Akataka kuuagiza Dar.

Nikamwambia hapana. Kusafirisha mchanga kutoka Dar kuja kwenye mji ulioukalia mchanga niliona ni matusi. Biashara yangu ni dagaa, kila wiki niko kisiwani Bumbire, humu humu ziwani upande wa Muleba, na kule kuna mchanga mweupe kama sukari. Mweupe kuliko wote, kwa taarifa yenu, ni ule wanakoanika dagaa, kwa sababu wanaufagia na kuuchambua mawe kila siku. Jamaa mmoja wa Ukerewe mwenye eneo lile aliniuliza wa nini, nikamjibu wa kulazia samaki, akacheka akasema, "Wa kwangu wanaulalia kila siku, chukua." Nikaunusa, nikaona hauna harufu yoyote (pua yangu na dagaa ni kama mume na mke, hawasikiani tena). Nikauosha kwa ndoo nyingi nyumbani, mpaka maji yakatoka karibu safi. Hilo neno karibu ndilo lililonimaliza.

Boti lilikuwa limechelewa, na pamoja na kuosha huko nikafika Kashai asubuhi ile ile ya ugeni, shemeji akiwa anatoka kwenda kumpokea Mama. Akaniambia, "Muda umekwisha, acha tu, ataiona hivihivi." Dada yuko jikoni na ndizi zake. Nikabaki na mfuko wangu na bahari tupu, nikajiambia jambo lenyewe ni la dakika mbili, nikamimina.

Maji yakawa togwa. Samaki wakapotea, matumbawe yakapotea, na kile kimashine cha pembeni kinachotoa uchafu kwa njia ya povu, kilipoonja mafuta ya dagaa, kikapandwa na wazimu: povu likajaa kikombe chake, likamwagika mezani, likashuka kwenye zulia, na mimi nikalikinga kwa sufuria, kisha kwa kofia yangu. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Shemeji alikuwa amemshika Mama mkono, amejifunza hadi kumsalimu kwa Kihaya, "kasinge waitu" njia nzima. Mama akasimama, na senene wake wa kukaanga mkononi ndani ya jani la mgomba, akavuta pumzi taratibu.

"Hii ndiyo bahari?"

Nikaificha kofia mgongoni.

"Inanuka Bumbire," Mama akasema. "Kumbe miaka yote hii Koku alikuwa hapo Muleba, na baba yake akazikwa hayupo."

Dada alikuwa ametokea na mwiko mkononi. Akageuka, akarudi jikoni. Sijawahi kutamani zulia linimeze kama siku ile, na lilikuwa limelowa.

Shemeji hakunigombeza. Alizima mashine, akaleta beseni na ndoo ya maji yake safi ya akiba, akazamisha mkono kwenye ile togwa akawapapasa samaki mmoja mmoja na kuwatia beseni, na kwa kuwa meza yote ilikuwa povu, akamwekea Mama beseni mapajani. "Nishikie, Mama. Wasiruke."

Mama akalishika kwa mikono miwili kama anayeshika mjukuu. Samaki mmoja akapiga mkia, maji yakamrukia mdomoni. Akaramba. Akachovya kidole, akaramba tena.

"Ni chumvi."

"Ndiyo, Mama."

"Yote? Hayanyweki?"

"Hayanyweki. Ya kunywa tunachota kwingine."

Akawatazama wale samaki. "Basi haya si ya ziwa letu. Ni mbali kweli." Halafu akaita jikoni, "Koku. Siku ile ulisafiri vipi?"

Dada akajibu bila kutoka, "Usiku na mchana, Mama. Gari likaharibika Nzega, nikadandia lori la saruji."

"Basi ulijitahidi, mwanangu. Njoo ushike samaki wako, mimi nimechoka."

Mama hayupo tena. Tangi lipo, na chini yake ni kioo kitupu hadi leo. Shemeji hafikirii tena habari za mchanga, ila nikiingia huninusa kwanza ndipo anipe kiti. Dagaa bado nauza. Lakini kitu cha bure, hata kiwe cheupe namna gani, sikipeleki kwa mtu kabla ya kutafuta pua ya kuazima.