Pamba ya Nunzia Imetoka Nyekundu

Saa tatu asubuhi, Nunzia Scognamiglio yuko juu ya jukwaa la vyuma katika kanisa dogo la mtaa wa Sanità, Napoli. Anatia kijiti chenye pamba mdomoni, anakilowesha kwa mate, kisha anakizungusha taratibu juu ya vazi la Maria Magdalena katika mchoro wa kale.

Pamba inapaswa kutoka na weusi wa moshi wa mishumaa. Inatoka nyekundu.

"Mama yangu!"

Chini, Bi Titina, anayefagia kanisa hili tangu ujana wake, anainua kichwa.

"Wee Nunzia, kuna nini? Umemchubua mtakatifu wetu?"

"Fagia, Bi Titina."

"Nafagia! Ila mtu mzima akimwita mama yake, ujue kuna kilichoharibika."

Nunzia, 51, mama wa watoto wawili, amesafisha michoro ya makanisa kwa miaka ishirini na sita. Kazi ikiwapo hupata euro 1,400 kwa mwezi. Isipokuwapo hushona mapazia. Mate, anasema, ni dawa ya upole. "Mwalimu wetu alitukataza kahawa asubuhi, eti tusije tukawapaka watakatifu sukari."

Basi wekundu umetoka wapi? Mchoraji, aliyefariki karibu miaka mia nne iliyopita, alikuwa na desturi yake: akishamaliza vazi, alirudi penye vivuli na kupaka wekundu mwembamba kama ganda la kitunguu, ili giza lipate joto. Wiki iliyopita Nunzia alijaribu mate yake kwanza, kama inavyotakiwa, lakini penye mwanga, ambako rangi ni nene.

"Kwenye kivuli sikujaribu," anasema. "Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi kosa hilo."

Alama iliyobaki kwenye vazi haizidi ukucha wa kidole gumba. Lakini mkaguzi wa serikali anaweza kumwondoa kazini kwa hiyo, na jina likishachafuka mji huu, hakuna padri atakayekupa ngazi.

Gaetano, fundi wa fremu, anapanda, anatazama, anashusha sauti.

"Dada, weka tone moja la rangi. Hapo gizani nani ataona?"

"Mimi."

"Una watoto wewe."

"Ndiyo maana."

Nunzia anashuka na, yeye mwenyewe, anampigia simu mkaguzi. Kwa haraka anampigia muuza samaki kwanza, anaomba radhi, anajaribu tena. Jibu ni fupi: mkaguzi atakuja Alhamisi, na hadi hapo asiguse kitu. Leo ni Jumatatu. Chakula cha mchana kinabaki kwenye mfuko.

Anachoomba ni kuachiwa aizibe alama hiyo mwenyewe, kwa kanuni ya kazi yao: mistari myembamba ya rangi ya maji, wima, mmoja mmoja. Ukiwa mbali, vazi ni zima. Ukisogea, unaona wazi kwamba hapa si mkono wa mchoraji.

"Kwa hiyo kosa lako litaonekana daima?" Bi Titina anauliza.

"Kwa anayesogea, ndiyo."

Bi Titina anaegemea ufagio, anafikiri.

"Basi mimi nitasali kule mlangoni."

Nunzia anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha anakiweka kijiti kile ndani ya bahasha, anaandika tarehe, saa na jina lake kamili, na kuibandika kwenye jukwaa, mahali ambapo mkaguzi hawezi kukosa kuiona.