Dawa Alikunywa

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, na cherehani yake aliiweka ukumbini karibu na mlango, apate mwangaza wa nje. Katika miaka ya themanini alianza kuchoka ovyo. Akitoka msikitini hukaa kwanza barazani apumue ndipo aingie ndani. Alisema moyo wake unakwenda kama cherehani iliyolegea mkanda, mara mbio, mara kimya.

Hospitali ya Mombasa wakatueleza kwamba moyo usiopiga kwa mpangilio huiacha damu itulie ndani yake, na damu ikitulia hufanya donge. Donge hilo likipanda kichwani, mtu hupatwa na kiharusi. Wakampa vidonge vya rangi ya waridi vya kuzuia damu isigande, ameze kila siku, tena arudi mara kwa mara kupimwa damu.

Vidonge nilivishika mimi. Mume wangu alikuwa msahaulifu, mtu wa kuitafuta miwani naye ameivaa. Basi kila magharibi, akishasali, nikimtilia kidonge kiganjani na kumshikia kikombe cha maji. Siondoki mpaka ameze. Siku za kupimwa tukienda, na majibu yalikuwa mazuri.

Asubuhi moja nilimpelekea chai nikamkuta anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikuwa unapita mbali kabisa na tundu. Nikamwuliza ana nini. Alinijibu, lakini maneno yalitoka mazito, yamevurugika, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ukamwanguka mapajani. Jirani yetu alikuwa akiteremsha mahindi ya shambani kwake Jilore kwenye pikapu. Akayaacha njiani, tukampakia mgonjwa tukaenda hospitali ya hapa Malindi.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alifika kutoka Mambrui kabla ya adhuhuri. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

"Dawa alikunywa?" akaniuliza.

"Alikunywa."

"Wewe ulimwona?"

"Nilimpa kwa mkono wangu, wifi. Na maji nilimshikia mimi."

Akamgeukia muuguzi. "Unaona? Dawa hakunywa."

Nilidhani ni uchungu wa nduguye unaomsemesha. Lakini tulipokuwa ndani ya gari la wagonjwa, tunapelekwa Mombasa, tukakwama Kilifi kwenye foleni ya feri. Jua kali, mgonjwa anakoroma, dereva ameshuka kuwaomba wenye malori watupishe. Wifi akainama sikioni mwangu.

"Labda siku moja ulisahau. Mwanadamu husahau."

"Sikusahau."

"Basi mbona yamempata?"

Swali hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Maana hata mimi nilikuwa nikijiuliza vivyo hivyo.

Mombasa wakampima, wakasema ni donge, si damu iliyovuja. Daktari, kijana mmoja mpole, akatuita sote wawili. Akasema damu ya mgonjwa ilikuwa katika kipimo kinachotakiwa.

"Dawa ilikuwa ikifanya kazi," akasema. "Inapunguza hatari sana, lakini haiimalizi. Wako wanaomeza vizuri na bado yakawapata. Mama, hukukosea."

Nikamshukuru sana. Tukatoka. Hatujafika hata mwisho wa ukumbi, wifi akasema, "Madaktari husema hivyo kuwafariji watu."

Tuliporudi Malindi, nyumba ikajaa watazamaji. Wa Mambrui walisema sikumpa dawa. Wengine, na hasa mama mmoja mtu mzima wa mtaani, walisema nimempa kupita kiasi, damu imekuwa maji. Makundi hayo mawili yalikaa kwenye mkeka mmoja, yakinywa chai yangu, wala hayakubishana hata kidogo. Yote yalinitazama mimi.

Mume wangu alilala pale akisikia kila kitu, na ulimi haumtii. Akitaka maji husema kitambaa. Akitaka kugeuzwa husema kitambaa. Nikajisemea, siku Mungu atakapomrudishia ulimi, atawaambia mwenyewe.

Siku hiyo ilifika. Nilikuwa namlisha, akameza, akasema taratibu, "Uji hauna sukari."

Nililia na kucheka pamoja. Kisha nikaweka bakuli chini. "Na dawa nilikuwa nakupa, sikuwa nakupa?"

"Ulinipa."

"Basi dada yako akija, mwambie."

Akatazama ukuta, akafikiri. "Mwache tu," akasema.

Mwache tu! Nikamwekea kijiko katika mkono wa kushoto, ajilishe, nikaenda zangu uani kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Mkasi haukuushika tena. Alitafuta mtu wa kumkatia vitambaa, yeye akashona mishono iliyonyooka, polepole. Dawa aliendelea nayo, na safari za Mombasa pia, na foleni ya Kilifi. Hakupatwa tena na kiharusi katika miaka yote tuliyoishi baada ya hapo.

Wifi naye akajipa kazi. Kila Ijumaa alikuja kutoka Mambrui, akachukua kikombe mkononi mwangu, akamnywesha kidonge yeye; siku sita zilizobaki nilimpa mimi. Siku moja wageni walimsifu nduguye kwa kupata nafuu. Wifi akajitandia vizuri buibui lake.

"Tangu nimsimamie mimi, hajambo," akasema.

Mume wangu akainamia cherehani yake. Mimi nikawaongezea wageni chai.