Kibwebwe cha Bibi

Asubuhi hii mama mmoja aliingia kwenye lifti ya jengo letu akinukia mafuta ya karafuu, nikasahau kubonyeza ghorofa yangu.

Bibi yangu alikuwa akiyapaka magotini. Alikuja Dubai kututembelea kutoka Unguja wakati wa baridi, na siku tuliyokwenda kwenye bustani ya michezo alikuwa tayari tangu alfajiri: soksi za baba, sweta la mama, na juu yake kanga aliyojifunga kibwebwe.

"Leo na mimi napanda hiyo rolakosta," alisema. "Nataka nikawahadithie wenzangu."

Kwenye foleni ya vile vigari vya kupanda na kuporomoka kwa kasi relini niliwaona wasichana wa darasa langu. Walikuwa wakiitazama ile kanga.

"Bibi," nikamwambia, "wazee hawaruhusiwi."

"Hawaruhusiwi?"

"Ndiyo sheria yao."

Alinipokea jaketi, akaenda kukaa kwenye benchi. Mimi nikapanda na wenzangu, nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Tuliposimama, kwenye viti vya mbele walishuka mzee wa Kizungu na mkewe, nywele nyeupe pe, wanacheka kama watoto. Walipita mbele ya benchi. Bibi aliwasindikiza kwa macho, kisha akanitazama mimi. Nilingoja aseme neno.

Akanivisha jaketi, akanifunga zipu mpaka kidevuni.

"Umefurahi, mjukuu wangu?"

Ndipo akaanza kukifungua kile kibwebwe, polepole, akajitanda kanga yake mabegani kwa ajili ya baridi.