Miezi mitatu ya sunscreen kila asubuhi, na shavu la kushoto likazidi kuwa jeusi: kisa changu cha Ibra na Sur

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa zangu, shikamoo.

Nina miaka arobaini na minane, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na nne naishi Ibra, Oman. Nitakayoandika yamenipata mwenyewe. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Sitataja jina la bidhaa hata moja, maana sitaki mtu adhani nimekuja kuuza.

Uzi unahusu sunscreen ya uso, ile ya kupaka chini ya make-up. Wanaume msifunge ukurasa. Mna wake, na nyuso mnazo pia.

Nilikuja huku kufanya kazi za ndani kwa Bi Zuhura. Ni bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni cha huko huko, hakijachuja. Nilimpikia miaka tisa.

Jioni nilikuwa najisomea. Nilianza na lebo za vipodozi vya binti yake, Samira, kiungo kimoja kimoja, kwa kamusi na daftari. Baadaye nikajifundisha kupamba. Samira alipofungua saluni ya wanawake hapa Ibra akanitoa jikoni, akanikabidhi maharusi.

Mabaka yalianza kama kivuli tu. Rangi ya kahawia iliyokolea, chini ya macho na juu ya mashavu. Kwa mtu mwingine ni jambo la kioo. Kwangu mimi uso ndio bango la kazi.

Kila Jumatano hapa kuna soko la wanawake, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Siku moja nimekwenda na Samira kununua udi, sijapaka kitu usoni, tukakutana na mteja wetu. Nitamwita Mama Aziza. Naye asili yake Zanzibar. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya miezi minane na kazi alikuwa ameshatupa sisi.

Alinitazama juani, kisha akamgeukia Samira kama mimi ni kitambaa kwenye meza.

"Huyu ndiye atakayempamba mwanangu?"

"Ndiye, khalti. Si uliziona picha za kazi yake?"

"Picha nimeziona. Na uso nimeuona. Wake mwenyewe umemshinda, wa mwanangu atauweza?"

Samira akajaribu kucheka. Mama Aziza hakucheka. Akasema tutaonana siku ya majaribio, mwezi mmoja kabla ya harusi, na akiona hali ni hii hii atamtafuta mpambaji mwingine.

Wakuu, soko lile lina masikio. Nikimpoteza bibi harusi mmoja kwa sababu ile, wengine wangefuata, na mimi ningerudi jikoni. Kupika si aibu. Lakini kazi ya saluni niliisomea mwenyewe, usiku na daftari, na sikutaka niipoteze kwa mashavu mawili.

Wiki ile ile mtu akaniletea kopo la krimu lisilo na lebo. "Siku kumi tu, unang'aa." Nililishika kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nina mdogo wangu Tanga aliyetumia mkorogo, na hadi leo ngozi yake haivumilii hata mvuke wa chungu. Nikalirudisha.

Nikaomba ruhusa, nikaenda Nizwa kwa daktari wa ngozi. Akatazama, akasema ni melasma, umri wangu na jua vimekutana. Akanipa krimu ya kupaka jioni, akasisitiza sunscreen. "Kila siku, na upake tena."

Nikaandika kwenye daftari: kila siku. Hilo la "upake tena" nikaamua ni la watu wanaoshinda ufukweni. Shikeni hapo.

Nikaanza kutafuta kwa utaratibu. Nilichukua tatu, kila moja nikaijaribu wiki mbili, nusu ya kwanza bila make-up, nusu ya pili chini ya foundation.

Ya kwanza ilikuwa ya madini, nzito, nyeupe kama chokaa. Kwa ngozi yangu ya maji ya kunde ikanitoa rangi ya majivu, na foundation juu yake ikageuka zambarau. Nilipiga picha dirishani. Samira akaitazama akasema, "Dada, unaonekana kama umetoka kuzimu na hukupapenda."

Ya pili haikuwa na weupe, lakini ilikuwa ya mafuta. Saa nne asubuhi foundation ilikuwa imeshuka hadi shingoni.

Ya tatu ilikuwa nyepesi, inakauka, haing'ai. Hata hivyo siku ya kwanza foundation iliviringika juu yake vipunje vipunje, kama uchafu wa kifutio cha penseli. Nikadhani nayo haifai. Kumbe kosa lilikuwa mkono wangu. Nilikuwa sisubiri. Nilipoiacha robo saa ikatulia, na foundation nikaigandamiza kwa sponji yenye unyevu badala ya kuisugua, ilikaa kimya.

Kipimo nacho: wengi tunapaka kama poda, kidogo kidogo. Kinachoshauriwa kwa uso na shingo ni mistari miwili, urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ukipaka robo ya hapo, usitegemee ulinzi ulioandikwa kwenye boksi.

Basi nikashika hiyo ya tatu. Kila asubuhi, miezi mitatu, sikukosa hata siku moja. Daftari ninalo.

Shavu la kulia likaanza kutulia. La kushoto likazidi.

Hili ndilo lililonisumbua. Uso mmoja, dawa moja, mkono mmoja. Nikageuza mto, nikabadilisha upande wa kulalia, nikaacha kushika simu upande ule. Hakuna kitu.

Jibu lilikuwa garini. Jumapili na Jumanne tunakwenda Sur, Samira ana chumba cha kupambia kule. Usukani huku uko kushoto. Samira anaendesha, Bi Zuhura anakaa mbele kulia akienda kumtembelea ndugu yake, na mimi nyuma ya Samira, kwa sababu kiti cha Bi Zuhura kinasukumwa nyuma kabisa kwa ajili ya magoti yake.

Asubuhi tukielekea Sur, jua liko kushoto. Alasiri tukirudi jua limehamia magharibi na sisi tumegeuza gari, kwa hiyo liko kushoto tena. Na kioo kinapitisha sehemu ya miale inayotia ngozi weusi, hata kama joto hulisikii kwa sababu ya AC.

Nikajisifu kwa ugunduzi huo. Lakini swali likabaki: si nimepaka sunscreen? Inafanya nini sasa?

Aliyejibu ni Bi Zuhura, na hakutumia daftari.

Tukirudi huwa tunasimama Al Kamil, kwenye kituo cha mafuta chenye msikiti, tunasali Alasiri. Siku hiyo niliondoa make-up, nikatawadha, nikasali. Kisha nikasimama kwenye kioo cha upande wa wanawake, nikapaka poda na rangi ya mdomo kama kawaida yangu. Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu anafunga barakoa yake, ile ya wanawake wazima wa huku inayofunika paji, pua na sehemu ya mashavu.

"Na ile dawa yako ya jua?"

"Nimepaka asubuhi, bibi."

"Asubuhi!" Akaacha kufunga. "Na sasa hivi umekosha uso na mimi nnakuona. Adhuhuri ulikosha, Alasiri umekosha. Dawa imekwenda na maji kwenye mfereji. Huo mfereji wa Al Kamil ndo hautoota mabaka maisha!"

Nikairudisha brashi kwenye mkoba.

"Wewe msomi, mwanangu. Kila kitu unakipima. Hesabu ya udhu imekushinda?"

Samira kutoka mlangoni: "Mama, khalas, mwache."

"Simwachi. Miezi mitatu anatoka hapa uso mtupu anakwenda kukaa dirishani. Mimi sunscreen yangu hii hapa," akagonga barakoa, "haitoki na maji."

Nilicheka hadi machozi, na sehemu ya machozi hayo haikuwa kicheko. Kila nilichosoma kiliandikwa na watu wanaoosha uso asubuhi na usiku. Mimi naosha mara tano, na mbili kati ya hizo ni mchana wa jua. Sikuwahi kukaa nikaweka sala zangu na sunscreen yangu kwenye ukurasa mmoja.

Tulipofika kwenye gari Bi Zuhura akafungua mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akaingia.

Nikamwambia, "Bibi, hapana, magoti yako."

"Magoti yangu nnayajua mimi. Kaa mbele. Uso una kazi, magoti hayana kazi."

Miaka kumi na minne sijapata kukaa kiti cha mbele yeye akiwa ndani ya gari. Samira alisogeza kiti chake mbele hadi tumbo likakaribia usukani, mama yake apate nafasi. Tuliendelea hivyo hadi Ibra, mimi natazama barabara, sithubutu kugeuka nyuma.

Tangu siku hiyo nilibadilisha mambo haya.

Kuna sunscreen zisizotoka kwa maji. Sikuzitaka, kwa sababu nilibaki na wasiwasi kama maji ya udhu yanafika kwenye ngozi. Hili ni la dini na mimi si mwanachuoni, muulize unayemwamini. Nilichagua inayotoka, halafu nikaipaka upya kila baada ya sala za mchana. Ndiyo, tyubu inakwisha haraka.

Halafu nikahamia kwenye yenye rangi kidogo ya ngozi. Rangi ile hutokana na oksidi za chuma, na nilisoma kwamba kwa wenye melasma inasaidia zaidi kwa sababu inazuia pia mwanga wa kawaida. Kwangu ilileta faida ya pili: siku za safari sihitaji foundation tena. Natawadha, nasali, napaka, nasubiri, naweka poda kidogo, basi.

Na tyubu siiachi garini. Niliiacha mara moja mwezi wa sita, nikaikuta imegawanyika maji na mafuta.

Kwenye gari, Bi Zuhura aligoma kurudi mbele. Hatimaye tukaafikiana: Samira alitundika pazia la kivuli dirisha la nyuma kushoto, nami nikarudi nyuma. Bado kila tukiondoka Al Kamil ananiuliza bila kugeuka, "Umepaka?"

Siku ya majaribio ilipofika, shavu la kushoto lilikuwa halijapona. Lilikuwa limefifia, lakini ukitazama unaona. Ningeweza kulifunika kabisa, hiyo ni kazi yangu, lakini nilipaka kidogo tu kama kila siku. Mama Aziza akaingia na binti yake, akanikamata kidevu, akanigeuza dirishani.

"Leo umejipaka," akasema.

Nikachukua pamba, nikafuta shavu lote mbele yake. Nikamwambia ukweli: mabaka yapo, yamepungua, yalizidi kwa kosa langu, na kosa lenyewe ni hili. Nikamweleza habari ya udhu, Al Kamil na mfereji. Binti yake aliziba mdomo kwa ushungi kwa kucheka.

Mama Aziza hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha bibi harusi, akasogeza ushungi wake nyuma, akafungua barakoa yake taratibu, akaiweka mapajani.

Pale barakoa isipofika, kwenye mfupa wa shavu na pembeni mwa paji, alikuwa na mabaka yale yale. Mazito kuliko yangu.

"Miaka yote hii," akasema, "nnapaka asubuhi."

Kisha akamwambia binti yake, "Wewe ngoja kidogo." Na mimi akaniambia, "Anza na mimi."

Binti nilimpamba mwezi uliofuata. Mama yake nampaka hadi leo.

Wakuu, funzo langu ni fupi. Kabla hujachagua sunscreen, andika siku yako ilivyo: unaosha uso saa ngapi, unakaa upande gani, unatoka saa ngapi. Mimi nilisoma bidhaa miaka na sikuisoma siku yangu. Na mabaka yakikuzidi nenda kwa daktari wa ngozi, wangu alisema "upake tena" na mimi ndiye niliyemrekebisha.

Wanaosali na kupaka make-up kazini, nyie mnafanyaje mchana? Nipeni njia zenu, hasa walio Dar na Mombasa kwenye jasho.

Bi Zuhura hasomi mitandao, kwa hiyo nimemsomea uzi huu wote kabla ya kuutuma. Nilitaka ajue nimemshukuru mbele za watu. Kasikiliza hadi mwisho, halafu kasema, "Waambie na maji wanywe."