Fundi Aliyekataa Kuwa na Mkubwa

Fundi wetu wa vitenge wa mtaa wa Bordesley Green amefariki. Wengi wenu mmevaa kazi ya mkono wake, hata ninyi mliomwita mkaidi. Mimi nilimwita hivyo usoni, na hakununa.

Alikuwa mzee wa kutoka mashariki mwa Kongo, na imani yake ilikuwa moja: mtu asimtawale mtu. Aliisoma kwenye vitabu vya Kifaransa. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo alinieleza kwa maneno ya kawaida. Kwao, alisema, wenye bunduki walibadilika kila mara, kila mmoja na amri zake, lakini mama wa nyanya na mama wa mihogo walipatana bei sokoni bila kuamriwa na yeyote, na ndio waliolisha mji. Basi hapa Birmingham akakataa kuingia umoja wetu wa mazishi, ambao mimi ni mwenyekiti wake. Tuna zamu za kupika matangani, na asiyefika hutozwa faini. Yeye alipika kwenye matanga ya kila mtu, bila zamu. Lakini hakuwa na ndugu nchi hii, nami niliogopa atazikwa na manispaa, bila wimbo, bila mtu. "Nani atakuzika, mzee?" nikamuuliza. "Mama, siku ile mi sitakuwa na haraka," akasema, akaendelea kushona. Alipolazwa nikamchokoza: mbona kitanda cha serikali anakilalia? "Kitanda nakitaka, mama. Mkubwa wa kitanda ndiye simtaki."

Sheria yetu iko wazi: asiye mwanachama hapangiwi wapishi. Siku ya matanga nilikwenda ukumbi wa kanisa na sufuria yangu moja, nikidhani nitapika peke yangu. Nikakuta jiko limejaa. Mjane wa Winson Green, ambaye fundi alimshonea nguo za msiba bila kutaja bei, anasonga fufu, ugali wa Kikongo. Wauguzi wa Kikenya wametoka kazini na sare zao, wanakata kabeji. Nikauliza nani amewapanga. "Hakuna, shosho," mmoja akanijibu, kama anayemjibu bibi yake. "Shika kisu."

Tulimzika kwa nyimbo mpaka sauti zikakauka. Sijawa mfuasi wake. Mgonjwa asiye na cha kuuza anahitaji zaidi ya mapatano ya sokoni, na hilo nilimwambia akiwa hai. Zamu zitabaki. Ila faini nimeifuta, na kamati sikuiuliza. Anayekuja kumpikia mfiwa aje kwa kupenda kwake. Chakula cha waliolazimishwa nimekila miaka mingi, na siku ile ukumbini nilionja tofauti.