Mlingoti Nyuma ya Jiko la Anti Rispa

Safari hii ilikuwa na sababu mbili, na watu nilikuwa nikiwaambia moja tu. Hiyo moja ni kazi. Nina duka dogo la kutengeneza kompyuta pale Uriri. Siku moja alinipigia mwanamke anayeitwa Nafula, kiongozi wa watu wanane waliokuja kupima na kuchora mapango ya milima ya Gwasi. Alitaka niwawekee kambini kompyuta tatu za kutumiwa na wote, pamoja na intaneti. Nikamuuliza kambi iko wapi. Akasema wamepewa nafasi katika boma la mama mmoja mjane, mbele kidogo ya Magunga, mama anaitwa Rispa.

Rispa ni mke wa mjomba wangu. Likizo zangu zote za shule ya msingi zilikwisha kwake. Mjomba alipofariki nilikuwa Mombasa, nafunga mitambo kwenye jengo fulani, na bosi akaninyima ruhusa. Nikasema nitakwenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita, ukaja mwingine, na aibu ikawa inanenepa kila mwaka hadi sikujua tena ningeingia pale na maneno gani. Sasa kazi ilikuwa imenipa kisingizio. Hiyo ndiyo sababu ya pili: nilitaka kujua kama Anti Rispa bado ananihesabu mtoto wa kwake.

Jumanne, saa moja asubuhi, tulitoka Uriri na pikapu ya kambi. Dereva alikuwa Marwa, Mkuria wa upande wa mpakani, mtu wa kuongea barabara nzima. Tulifunga kompyuta kwa blanketi, betri za sola tukazibana katikati ya magunia ya mchele, na antena nikaishika mwenyewe mapajani. Ni antena ya kunasa mtandao wa simu kutoka mbali. Ukiielekeza vibaya hata kidogo, hupati kitu.

"Hiyo unaibeba kama mtoto," Marwa akasema.

"Mtoto akianguka anaamka," nikamjibu. Akacheka hadi mjini Migori.

Saa nne tulikuwa Karungu. Tulisimama ufuoni kula, na akina mama walikuwa wanageuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu zilizotandazwa chini, ile harufu ikanirudisha nyuma miaka mingi. Mjomba alikuwa akinileta hapa kwa baiskeli, nimekaa nyuma kwenye keria, kununua betri za redio. Nilitafuta lile duka la betri, sikuliona. Nilimuuliza mama aliyetuletea samaki, akasema mwenyewe alihama kitambo.

Redio ya Mjomba nilimsimulia Marwa tukiwa tumeanza kupanda kuelekea Magunga. Haikuwa inashika vizuri, kwa hiyo Mjomba alichimbia mlingoti wa mwanzi na waya wake. Siku ya mechi, wanaume wa kijiji walijaa ndani, na mimi nikawekwa nje kuuzungusha ule mlingoti. Mjomba alipaza sauti dirishani, "Geuza kidogo, okewa." Kwa Kijaluo, mjomba akikuita okewa anasema "mtoto wa dada yangu". Nageuza. "Hapo hapo. Shikilia." Nashikilia mechi nzima. Magoli yote ya utoto wangu niliyajua kwa kelele za watu waliokuwa ndani.

"Na hukukasirika?" Marwa akauliza.

"Nilikuwa naona raha. Bila mimi hakukuwa na mpira."

Saa saba mchana tuliingia kwenye boma. Mahema ya wapimaji yalikuwa yamepangwa pembeni, kamba na helmeti zimeanikwa kwenye ua, na nyumba kubwa ya nyasi ilikuwa pale pale, Anti amekataa kuibomoa ingawa ana ya mabati. Alikuwa anatoka, kikapu mkononi, anakwenda sokoni Magunga. Amezeeka, lakini bado anatembea haraka. Aliniangalia, akanipa mkono.

"Karibu, fundi," akasema, na akaenda zake.

Fundi. Nilibaki nimesimama na lile neno.

Upande wa kulia wa nyumba kulikuwa na kaburi lililojengewa kwa simenti. Nililiona, nikajua ni la Mjomba. Lakini watu wa kambi walikuwa wananitazama, Marwa ameshafungua blanketi, nami nikajiambia nitakwenda pale nikitulia. Nikapita na katoni ya kompyuta kifuani.

Nafula alinionyesha nyumba ya nyasi, maana ndani yake ni baridi na kompyuta hazipendi joto. Alinieleza utaratibu wao. Wanaorudi kutoka pangoni huingiza vipimo kwenye kompyuta, wengine wanachora ramani, na anayebaki kambini anakaa karibu na mtandao ili aite msaada mtu akikwama chini.

"Bila mawasiliano hakuna mtu anashuka," akasema. "Na mvua iko karibu. Ikinyesha, yale mapango yanajaa maji, safari imeisha."

Nikafanya haraka. Kompyuta tatu kwenye meza moja, waya zote nikazipitisha juu ya ukuta zisikanyagwe. Ilibaki antena, nayo ilitaka kimo. Nilipanda ngazi hadi kwenye kilele cha paa, nikakuta kisiki cha mti kimechomoza katikati kabisa ya nyasi, kifupi, kimekatika juu. Kwangu kilikuwa zawadi. Nikafungia mlingoti wa chuma hapo kwa waya, nikaelekeza antena kwenye mnara wa Magunga, na mtandao ukaja wa nguvu. Watu wakapiga makofi. Nafula akatuma picha za kwanza kwao nyumbani, na nikajiona mtu wa maana.

Saa kumi Anti alirudi kutoka sokoni. Hakuingia. Alisimama langoni, kikapu bado mkononi, anaangalia paa. Nikamfuata.

"Toa hiyo kitu," akasema.

"Anti, ni ya intaneti tu."

"Mimi najua ni ya intaneti. Lakini nimekutana na Mama Atieno kwa barabara, ananiuliza nimeolewa lini na sikumwambia. Ati ameona osuri imesimama tena kwa nyumba yangu." Aliweka kikapu chini. "Ile mti umefunga chuma yako ni ya mjomba wako. Ilivunjwa siku tulimzika. Ungekuja, ungeona."

Jamani. Osuri naijua, kila mtoto wa Kijaluo aliwahi kuisikia: ule mti wa juu ya paa unaosema mwenye nyumba yuko hai, ambao akifa unavunjwa. Ila nimeishi kwenye mabati maisha yangu yote ya ukubwani, na siku ulipovunjwa huu nilikuwa Mombasa. Nilikuwa nimemsimamishia mjane mume mwingine, kwa chuma, juu ya kisiki cha mjomba wangu mwenyewe.

"Na umepita kaburi," Anti akasema, sasa kwa sauti ya chini, "umebeba kompyuta. Mtu akikosa matanga anakuja analia kwanza. Hata mgeni anajua hiyo. Miaka yote nilikuwa nangoja uje tu ulie."

Nilipanda ngazi nikafungua waya, na mtandao ukakata. Nafula hakunigombeza. Aliwaita watu wake akawaambia kesho hakuna anayeshuka mpaka tupate pengine pa kuweka antena, na kama hatupati, kambi itahamia Magunga. Anti alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akichambua omena, anasikia yote.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipokwenda kaburini. Nilidhani nitasimama kidogo, niseme pole, nitoke. Nikapiga magoti, nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima mwenye mvi, mbele ya Marwa na wapima mapango wote. Nilimwambia Mjomba nimechelewa na sina sababu. Nilipomaliza, Anti alikuwa amesimama nyuma yangu na birika la maji ya kunawa uso. Alinimiminia, nikanawa.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, alinigongea. "Kuja," akasema.

Alinipeleka nyuma ya jiko, akasukuma majani kwa mguu. Kulikuwa na shimo dogo, mawe manne yamepangwa kuzunguka mdomo wake. Niliyajua yale mawe. Nilikuwa nimeyabeba mwenyewe utotoni kutoka mtoni, la nne likaniponda kidole.

"Si hapa ndio alikuwa anaweka ile ya redio yake?" Anti akasema. "Hapa haisumbui mtu."

Tuliunganisha mlingoti na mwanzi mrefu, Marwa akasaidia kuutia shimoni, tukakaza kwa mawe yale yale. Waya ukafika hadi dirishani, ukabaki mita mbili. Marwa akaenda kuwasha betri, na mimi nikaingia ndani kutazama kompyuta. Nikachungulia dirishani. Anti ndiye aliyekuwa ameshika mlingoti.

"Geuza kidogo, Anti."

Akageuza. Alama ya mtandao ikapanda kidogo, ikashuka, ikapanda.

"Hapo hapo. Shikilia."

Halafu nikasikia anacheka huku anavuta kamasi. "Hiyo shikilia ndio ilikuwa inakuacha nje mechi yote," akasema. "Nilikuwa namwambia huyu mtoto ataumwa na mikono, hasikii."

Nilitoka nikakaza boliti na macho yangu hayaoni vizuri. Saa mbili, watu sita walifunga helmeti wakaondoka kwenda pangoni, na Nafula akaketi mbele ya kompyuta. Hadi saa tisa walikuwa wamerudi, matope mwili mzima, wanagombania kiti cha kuingizia vipimo.

Alhamisi tuliondoka mapema. Anti alitufungia omena kwenye gazeti, akanipa mkono, akamkumbusha dereva asikimbize gari. Jina hakuniita lolote, si fundi, si Ouma nililopewa na wazazi. Nikasema si neno, nimelia na nimesikika, inatosha. Karungu tulipita bila kusimama. Marwa mwenyewe hakuongea sana.

Nilichojifunza nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa Uriri na kwingineko walioacha kuzika kwao kwa sababu ya kazi: nenda. Umechelewa, nenda hivyo hivyo, na mikono mitupu. Mimi nilijificha nyuma ya katoni, na katoni ndiyo iliyonitia makosani.

Saa sita mchana nilikuwa nafungua duka langu, simu ikalia. Ilikuwa inatoka kwenye kompyuta ya kambini. Nafula aliketi pembeni anamwonyesha Anti pa kutazama, na Anti alikuwa ameisogelea kamera mpaka nikaona paji la uso tu.

"Okewa," akasema, "umefika?"

"Nimefika, Anti."