Kwenye Karatasi Alikuwa Nyumbani

Admin, nifiche vizuri tafadhali. Huku Stockholm Waswahili tunajuana hata kwa kikohozi, na mimi mdomo wangu unajulikana. Nina miaka arobaini na minne, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, mama wa watoto watatu, naishi Norsborg. Nafanya kazi kwenye dobi moja, tunafua na kupiga pasi mashuka ya mahoteli. Mimi ni kiongozi wa zamu. Si kwamba nina akili kuwashinda wenzangu, ni vile Kiswidi kilinikubali mapema.

Bosi wetu ni Mrundi mwenzangu, mzee wa kanisa, tunamwita Papa. Jamani, nisimseme vibaya bila kusema mema yake. Nilipokuwa nahangaika kuleta wanangu kutoka Bujumbura, Uhamiaji walitaka mkataba wa kazi ya kudumu. Kila nilipobisha hodi nilifungiwa mlango. Papa akaniandikia mkataba. Leo wanangu wananijibu Kiswidi mezani kwangu kwa sababu yake.

Mwaka jana hoteli zikapoa. Papa akatuita wanawake wote kumi na mmoja kwenye chumba cha chakula, mkononi ana karatasi ya permittering. Yaani kazi ikipungua mnapunguziwa siku, mshahara unakatwa kidogo tu, na serikali inamfidia mwajiri ili asifukuze watu. Sisi tungefanya siku tatu, Alhamisi na Ijumaa tukae nyumbani. Nikawatafsiria wenzangu mstari kwa mstari. Kulikuwa na mstari unaosema siku za kukaa nyumbani mtu haruhusiwi kumfanyia mwajiri kazi. Niliusoma kimoyomoyo, nikauruka. Papa alikuwa ameshaninong'oneza: "Hizo siku mbili waje wanisaidie, mama. Hoteli zikirudi tutakula wote."

Basi mimi na mdomo wangu nikawahubiria. Nikawaambia wahesabu ni huduma, kama tunavyofagia kanisa Jumamosi bila kumdai mchungaji chochote. Mama Eliya, Mkongo wa Uvira, mwenzangu wa mashine moja miaka sita, akauliza, "Sasa siku hizo mimi ni mfanyakazi ao ni mgeni?" Nikamjibu, "Wewe ni mtoto wa nyumbani, acha uwakili!" Wakacheka, wakasaini. Kila wiki nikawa najaza karatasi ya saa: Alhamisi hayupo, Ijumaa hayupo, chini sahihi yangu. Na wote tupo, jasho linatutoka.

Alhamisi moja toroli la mashuka mabichi likamwangukia Mama Eliya kwenye sakafu yenye maji. Nilisikia mfupa. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Nikashika simu niite ambulensi, Papa akaichukua mkononi mwangu polepole, akasema, "Nitampeleka mwenyewe." Tukampakia kwenye gari lake, nikakaa naye nyuma. Kufika hospitali ya Flemingsberg, Papa akawaambia wauguzi kwa Kiswidi chake kizuri kwamba mama huyu ameteleza kwenye ngazi za kwao. Mama Eliya Kiswidi kinampiga chenga, na kwa yale maumivu hata Kiswahili asingekisikia. Mimi nilielewa kila neno. Nikanyamaza.

Nyonga imevunjika, wameweka chuma. Daktari amesema kazi ya kusimama basi tena. Kuna bima ya ajali za kazini ambayo ingemshika mkono, ila lazima ithibitike alikuwa kazini. Na karatasi yenye sahihi yangu inasema alikuwa nyumbani.

Jumapili iliyopita Papa alikuja kwangu na wazee wawili. Wakaomba kwanza, wakanywa chai yangu. Kisha akasema, "Mama, nikianguka mimi tunaanguka wote, na sahihi ni yako. Watu husema fadhila ya punda ni mateke. Najua wewe si punda." Anayasema hayo huku anampapasa mwanangu kichwani! Nilitamani kumwagia ile chai.

Kesho yake akaja binti yake Mama Eliya, amezaliwa hapa hapa, ana miaka ishirini. Ameleta fomu ya ushahidi. Hata kiti hakutaka. "Tant, du var där," akaniambia. Shangazi, ulikuwepo. Nikamwambia aniachie niisome kwanza. Inatakiwa Ijumaa hii.

Kazini wenzangu wamenuna. Mmoja kaniambia wazi, "Ukifungua mdomo wako safari hii, watoto wangu watakula nini?"

Najua wengi mtasema sema ukweli, mambo yaishe. Ngoja kwanza. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Mwezi uliopita bima waliniandikia barua mimi kama kiongozi wa zamu, wakauliza kama Mama Eliya alikuwa kazini siku ile. Niliijibu. Niliandika hakuwepo.

Yeye hajui. Juzi nimempelekea sombe na wali, akanishika mkono akasema, "Mungu ni mwema, wewe uliona na macho yako. Ni wewe utanisemea." Nikamlisha, nikamfunika miguu, nikatoka kama mwizi.

Msiniambie niombe, nimeomba mpaka magoti yanauma. Matusi yenu nitayasoma yote, nayastahili. Ila nawasihi, mwenye hekima anishauri: nikiijaza ile fomu nimejiita mwongo mwenyewe, kazi imekwenda, na wenzangu pengine nao. Nisipoijaza nimemzika mtu akiwa hai. Na kabla ya hiyo Ijumaa, namwambiaje Mama Eliya kwamba aliyemkana ni mimi?